Picha Mbili za Shangazi

Jumamosi, saa tatu kasorobo asubuhi, mwalimu mkuu alifunga mlango wa nyumba yake, akausukuma mara mbili kuhakikisha, kisha akawahesabu watu wake: yeye, mkewe na watoto watatu. "Tumetimia," alisema. Shangazi alikuwa amesimama kando ya gari na kapu la chakula, begi la nguo za akiba, dumu la maji na mwavuli. Aliingia nyuma, na watoto wakamkalia mapajani.

Safari hii ya kwenda bustani ya wanyama aliipendekeza yeye, ingawa nyumba nzima iliamini kwamba wazo lilikuwa la baba. Shangazi alikuja kwa kaka yake kukaa wiki mbili, mtoto wa kwanza alipozaliwa. Mtoto huyo sasa alikuwa darasa la tano. Mwezi uliopita chuo cha ufundi kilimkubali kusomea utengenezaji wa majokofu, kazi aliyokuwa amejifunza mwenyewe kwa kisu cha mezani, jikoni kwa wifi yake. Chuo kilikuwa na mabweni. Kilichobaki ni kupeleka Jumatatu picha mbili ndogo, zilizogongwa mhuri kwa nyuma na kiongozi anayemfahamu mwombaji kwa miaka isiyopungua mitano.

Mhuri haukumpa wasiwasi. Kaka yake alitembea nao kwenye mfuko wa shati, hata siku za mapumziko. Tatizo lilikuwa picha. Studio zote tatu za mjini zilimkalisha, zikampiga, na zote tatu zikatoa kiti kitupu. Kiti chenyewe kilitoka vizuri, hata msumari uliochomoza ulionekana. Mpiga picha wa tatu, mtu muungwana, alimrudishia malipo yake na kumpa ushauri.

"Jaribu bustani ya wanyama," alisema. "Kuna mzee pale anapiga popo na nungunungu. Ameshazoea wasiotaka kutoka."

Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuizunguka yote kabla hujamaliza kumenya chungwa. Getini, karani wa tiketi alimtambua mwalimu mkuu na kumwomba amgongee mhuri picha ya mwanawe, aliyekuwa anaomba kazi. Mwalimu aliitazama. "Huyu alikuwa mtundu kupita kiasi," alisema. "Lakini ndiye." Akagonga. Karani akashukuru, akakata tiketi tano. Shangazi alipita na dumu lake na hakuna aliyemzuia.

Ndani, jua lilikuwa jepesi na kila kitu kilienda taratibu. Korongo alisimama kwa mguu mmoja, akausahau mwingine. Simba kipofu aliota ndoto kwa sauti, na watoto wakakaa kwenye nyasi kuisikiliza hadi mwisho. Ilikuwa ndoto ya kawaida, juu ya kuchelewa mahali.

Mzee wa picha alikuwa na banda la bati karibu na kizimba cha fisi. Alimkalisha shangazi kwenye benchi, akampiga, akaitazama picha ilivyotoka. Benchi tupu. Alitikisa kichwa bila kushangaa.

"Si sura yako, binti yangu," alisema. "Picha haimshiki mtu asiyetazamwa. Lazima awepo wa kukutazama wewe, wewe peke yako, huku mimi nahesabu mpaka kumi."

"Kumi tu?"

"Kumi tu. Watu husema macho hayana pazia. Wanajidanganya, mapazia yapo. Nenda kalete mtu wa kwenu."

Shangazi alimwendea kaka yake. Alikuja bila kinyongo, akasimama wima kama yuko mbele ya bendera, akamkazia macho. Mzee alihesabu moja, mbili. Kwenye tatu macho ya mwalimu yalishukia begi.

"Dawa ya kikohozi ya mtoto umeibeba?"

"Nimeibeba, kaka."

Akaridhika, akaondoka. Wifi alifika nne. "Hilo gauni si lile nililokupa?" alisema. "Limekukaa, wifi. Hivi vitunguu vipo nyumbani, au tupitie sokoni?" Watoto walijaribu wote watatu kwa pamoja na wakafika sita, wakabana pumzi kabisa, lakini nyani alipiga chafya na mchezo ukaishia hapo.

Walikuwa wamejitahidi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kama wangemnyima kwa ubaya angejua la kusema. Aliketi kwenye benchi, mikono mapajani, akafikiria Jumatatu ikipita kama Jumatatu nyingine zote.

Ndipo fisi aliponyanyuka. Alikuwa jike, mzee, sikio moja limechanika. Alivuka kizimba chake polepole, akasimama kwenye nondo, akamtazama shangazi. Alimtazama bila njaa na bila haraka, hakutazama begi wala dumu. Mzee wa picha alijua kazi yake. Hakuuliza swali, alianza kuhesabu kwa sauti ya chini, na alipofika kumi akapiga.

Shangazi alitoka. Alitoka mzima, na kovu dogo la pasi juu ya nyusi, na jicho la kulia lililokuwa dogo kidogo kuliko la kushoto, na mdomo wa mtu anayejua jambo. Alikuwa mzuri. Alijitazama kwa furaha, akacheka peke yake, na mzee akamkatia picha mbili kwa mkasi, pembe zote sawasawa.

Alizikuta familia zikila kwenye nyasi, ya kwake ikiwa chini ya paa la makuti. Alikuwa amechemsha mayai sita. Matano yalishaliwa, na wifi alikuwa ameshika la sita juu, analigeuzageuza.

"Na hili la nani?" aliuliza. Shangazi alikuwa amekaa mbele yake, ameshika kikopo cha chumvi. "Basi, asiyekuwepo na lake halipo." Akampa mumewe.

Shangazi alisubiri kaka yake amalize yai, afute mikono. Kisha akamwekea picha mbili gotini.

"Kaka, naomba mhuri. Ni za chuo. Jumatatu ndiyo mwisho."

Mwalimu mkuu alitoa mhuri, akaupulizia pumzi kama kawaida yake, na kama kawaida yake hakugonga kabla ya kuutazama uso. Aliutazama muda mrefu. Ungeweza kuhesabu mpaka thelathini.

"Uso wa mtu makini," alisema. "Nani huyu?"

"Ni mimi, kaka."

Aliinua macho akayaelekeza sauti ilikotoka, kisha akayarudisha kwenye picha. Hakuwa mtu katili. Alipenda kusema kwamba kwa miaka kumi na tisa mhuri wake haujawahi kusema uongo, na ilikuwa kweli.

"Mdogo wangu," alisema kwa upole, "mimi sibahatishi. Huyu mama simfahamu. Mwambie atafute mtu anayemfahamu."

Wifi aliinama kutazama. "Mbona sura si ngeni," alisema. "Kama nimewahi kumwona mahali. Sokoni, labda."

"Pengine," alisema mwalimu, na akazirudisha picha kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyowarudishia wageni ofisini.

Shangazi aligeuka nyuma. Fisi alikuwa bado amesimama kwenye nondo anamtazama, lakini fisi hana mhuri. Mtoto mdogo alishaanza kusinzia, na njia ya kwenda kwenye gari ilikuwa ya mawe. Shangazi alizitia picha kifuani, akachuchumaa, wakampandisha mtoto mgongoni.