Karatasi Ilisema Siku Ishirini na Moja

Jumanne moja ya mwaka wa 2005, lori la kiwanda cha juisi lilimwaga maganda ya mananasi kwa Mzee Macharia, mfugaji wa kule Isinya. Wafanyakazi wake waliyachanganya na nyasi ya nepia iliyokatwakatwa, wakatia kwenye shimo la kuvundikia lishe ya ng'ombe, wakaanza kukanyaga, kwa maana hakukuwa na trekta. Wilkister hakukanyaga, alikuwa na mtoto wake Sheryl mgongoni. Yeye alipewa karatasi ya maagizo asome. Alikuwa amemaliza masomo ya ngumbaru mwaka uliotangulia, na mzee alikuwa amesahau miwani.

"Shindilia mpaka hewa iishe," alisoma kwa sauti. "Funika kwa nailoni. Usifungue kabla ya siku ishirini na moja. Hewa ikiingia, saileji yote itaoza."

Wakafunika, wakapanga udongo na matairi juu. Chai ilipomiminwa, kikombe kimoja kilikosa mwenyewe. Wilkister akarudi shimoni, akaweka sikio kwenye nailoni.

"Baba Sheryl?"

"Niko huku," mumewe Wamalwa alijibu kutoka chini. "Niliteleza pale kwa kona. Kuna joto, lakini si mbaya."

Macharia aliitwa. Alizunguka shimo mara mbili, mikono nyuma.

"Mama Sheryl, niko na ng'ombe kumi na nane, na nyasi imeisha mpaka Kajiado. Nikifungua, wanakufa. Si wewe mwenyewe ulitusomea?"

"Nilisoma, mzee. Lakini haikutaja mtu."

"Haikumkataza pia."

"Shemeji, una bahati," Ochola, mkata nepia, alisema akipuliza chai. "Wenzako Kitengela hawajui mabwana wao wanalala wapi."

Kila jioni Wilkister aliketi pale, akanyonyesha, akamsimulia Wamalwa habari za mchana. Siku ya tano Wamalwa alisema hasikii njaa tena. Siku ya tisa alimwomba asije na mtoto, kwa sababu akilia, mikono yake inataka kusukuma nailoni. Siku ya kumi na tatu aliuliza huyo mtoto anaitwa nani. Wilkister akamwambia, kisha akaenda nyumbani kuchora mstari mwingine wa makaa ukutani. Mistari ilikuwa inaelekea vizuri.

Siku ya ishirini na moja shimo lilifunguliwa. Wamalwa alipanda mwenyewe, rangi ya manjano yenye ukijani, akinukia uchachu mtamu. Macharia alimnusa shingoni.

"Ameiva," alisema.

Ng'ombe walimlamba mikono yote miwili, na jioni hiyo maziwa yalijaza mitungi hadi ikakosekana. Ugali Wamalwa aliukataa. Alihamia zizini, kwa sababu ng'ombe hawakukubali kukamuliwa bila yeye. Wilkister alimpelekea blanketi. Asubuhi alikuta limeliwa nusu.

Mvua ya Aprili iliyofuata ilipokuza nepia, Macharia alimjia Wilkister na kikombe cha chai alichokibeba mwenyewe.

"Mwaka huu tunachimba mashimo mawili, Mama Sheryl. Hilo la pili ni la ndama. Linataka mama anayenyonyesha."

Wilkister alimtazama Wamalwa. Mtamba mmoja alikuwa anamlamba sikio.

"Si mbaya," Wamalwa alisema.

Lori lilikuwa limeshamwaga maganda. Wilkister alifungua leso, akaomba kwanza amnyonyeshe mtoto.

"Titi moja," Macharia alisema. "Hilo lingine ingia nalo."

Akaketi chini, akatoa la kushoto, kwa kuwa ndilo Sheryl alilipenda.