Mguu wa Bibi Harusi

Baba yangu amewavisha farasi viatu vya chuma kwa miaka arobaini, na mazizini kila mtu anamwita Fundi Kwato. Aliposema kidonda ni kidogo, nani angembishia?

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Farasi wetu jike mweupe, tuliyempa jina la Bibi Harusi kwa sababu hatoki nje mpaka achanwe singa, alijichoma mguu wa nyuma kwenye bati lililong'oka ukutani. Damu haikuwa nyingi. Palikuwa na kitundu tu, hakizidi upana wa kidole, juu kidogo ya kwato, ubavuni mwa kifundo.

"Mwaka jana alichanika paja zima na akapona," Baba alisema akikiosha. "Hiki kitafunga kabla ya Ijumaa."

Mimi ndiye niliyeushika mguu. Niliona kitu kikichuruzika, si damu wala maji: ute wa manjano, mwepesi, unaonata kama ute wa yai. Nikausugua kati ya vidole viwili. Nikafungua mdomo, kisha nikaufunga. Tangu macho yaanze kumpunguka, Baba amepokonywa kazi moja baada ya nyingine. Kutibu vidonda ndiko kulikobaki, na sikutaka niwe mimi wa kumpokonya na hilo. Nikafuta vidole kwenye aproni. Akapaka dawa yake nyeusi, akafunga bendeji.

Jumanne farasi alichechemea. Jumatano kidonda kilikuwa kikavu kwa juu, lakini Bibi Harusi aligusisha chini ncha ya kwato tu, jasho linamtoka naye amesimama, majani hakuyaonja. Kifundo kilikuwa kimevimba, cha moto. Nilimpigia simu daktari wa mifugo nikiwa nimejifungia chooni, kama mwizi.

Alifika kabla ya adhuhuri, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alimdunga farasi dawa ya kumtuliza, akanyoa manyoya, akasafisha. Kisha akaingiza sindano upande wa pili wa kifundo, mbali na kidonda, akasukuma maji safi ya chumvi ndani ya kiungo. Sote watatu tuliinama. Maji yakatokea kwenye kitundu.

"Bati limeingia mpaka kwenye kiungo," alisema. "Nyama ikichanika huunga. Hapa uchafu umefungiwa ndani. Mzee, siku ya kwanza hamkuona ute unaonata, ule wa ndani ya kiungo?"

"Hapakuwa na kitu," Baba alijibu upesi. "Ningeuona."

Daktari alichomoa sindano.

"Mimi niliuona," nikasema. "Niliushika."

Baba alinigeukia polepole. "Uliuona, mama? Ukanyamaza?"

"Niliogopa kukuvunja moyo, Baba."

"Umenihurumia mimi, ukamtesa asiyeweza kusema."

Tulimlaza farasi juu ya majani makavu, daktari akakiosha kiungo kwa chupa baada ya chupa za maji na dawa. Akarudi Ijumaa, akarudi tena Jumapili. Mara zote Baba alikishika kichwa cha Bibi Harusi mapajani, akimnong'oneza maneno ambayo sikuyasikia. Mimi aliniambia mawili tu: "Leta ndoo" na "Ondoa ndoo."

Wiki ya tatu tulipofungua bendeji, Baba alirudi nyuma hatua moja.

"Angalia wewe. Sema kila unachokiona, hata kama kitaniuma."

"Usaha hakuna," nilisema. "Ngozi inaota. Homa imeshuka." Nikajaribu kukikunja kifundo. "Ila hakikunjiki, Baba. Kimekakamaa."

"Atabeba mtu tena?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa, akatoka.

Bibi Harusi yu hai. Asubuhi za baridi husimama kitambo mlangoni kabla ya kuthubutu hatua ya kwanza, nami husimama naye. Nimeshamwomba Baba radhi mara mbili. Mara zote mbili amesema yameisha, lakini hajanitazama.