Njia Ilipohamishwa Porth Gelyn

Kwa miaka thelathini na mmoja, njia ya miguu inayozunguka pwani ya Welisi ilipita nyuma ya jiko la Nesta Pugh, huko Porth Gelyn. Ilipita karibu mno, hata mpitaji akipiga chafya Nesta humwitikia "Afya!" mikono ikiwa bado ndani ya povu la vyombo. Walipita watu wa kila namna: wenye fimbo mbili mbili, wenye mbwa waliolowa chapachapa, wake na waume walionuniana tangu asubuhi wakitembea wameachana hatua kumi. Nesta aliwawekea meza nje, buli la chai na keki nyeusi ya zabibu kavu iliyopakwa siagi. Mumewe, Elfed, alikuwa akilalamika kwamba alidhani ameoa mke kumbe ameoa hoteli. Elfed alipofariki watu waliendelea kupita, na msiba ukapata pa kupumulia.

Kisha, mwaka juzi, mvua ilinyesha wiki sita mfululizo. Genge la ufukweni likameguka alfajiri moja na kuondoka na njia, ukuta na banda la kuku. Wapimaji walikuja, wakasema nyumba itakaa miaka hamsini bila wasiwasi. "Mimi hata ishirini siihitaji," Nesta akawajibu. Halmashauri ikaifunga njia ya zamani na kuchonga nyingine juu, mgongoni mwa kilima. Tangu siku hiyo hakupita mtu.

Mwanzoni aliendelea kuoka keki. Akawa anaila peke yake, kipande asubuhi na kipande jioni, mpaka akaikinai. Posta walikuja mara moja kwa wiki. Kuna wiki alizomwambia paka maneno mengi kuliko aliyomwambia binadamu.

Asubuhi moja ya Septemba alivaa buti za Elfed juu ya soksi mbili, akatia mkate na jibini mfukoni, akapanda kilimani. Alitaka kuona watu wamekwenda wapi. Angefuata njia mpya hadi Tregelyn, maili saba, kisha arudi kwa basi.

Goti lilianza kumlaumu kabla hajafika nusu ya mlima. Juu alikuta lango jipya la chuma na kibao kipya cha mshale. Kilichomchoma ni majani. Yalikuwa yamekanyagwa yakaisha, udongo umeshindiliwa kama sakafu. Kumbe watu wapo, hawakwisha duniani. Wanapita huku tu, tena wengi, na hakuna aliyegeuka. Alipotazama chini aliona bahari yote, visiwa viwili, na ncha ya dohani ya nyumba yake. Mlango haukuonekana, wala meza.

Wasichana wawili walimpita mbio. "Asubuhi njema!" wakasema, na alipofungua kinywa kujibu walikuwa wameshatokomea kwenye vichaka vya miiba. Ng'ombe ndio waliosimama kumtazama.

Mnamo saa tano alifika kwenye ngazi ya mbao ya kuvukia ukuta wa mawe. Mwanamume wa miaka sitini hivi, mwenye kofia ya kijani, alikuwa ameikalia akikung'uta kijiwe kutoka kiatuni.

"Samahani, mama, nimekuzibia njia," akasema, akijisogeza. "Wewe mwenyeji wa huku?"

"Nimezaliwa pale chini."

"Basi Mungu kakuleta. Kulikuwa na nyumba njiani, njia inapita mlangoni kabisa. Kuna mama mmoja alikuwa anawapa watu chai. Naitafuta tangu saa mbili, ramani inanizungusha tu kama mwendawazimu."

Nesta akasogea karibu. Akamtazama usoni, akamtafuta kichwani, asimpate. Maelfu walipita. Na yeye sasa amesimama mbele ya mtu huyu akihema, pua inamchuruzika, ndani ya buti za marehemu. Aibu ikamshika, na nyuma ya aibu hasira ya miaka miwili: leo ndiyo mnanitafuta?

"Alishakufa," akasema.

Yule bwana akavua kofia. "Lini?"

"Mwaka juzi. Wakati wa mvua."

Akaikunja kofia mikononi.

"Nilikuja huku na ndugu yangu, Roy, miaka kumi na miwili iliyopita. Alikuwa mgonjwa, madaktari walishamkataza, lakini we, Roy angesikia la nani? Tukalowa mpaka mifupa. Yule mama alitoka nje, akatutukana. 'Nyie watu wazima, mna akili kweli?' Akamvua Roy viatu kwa mikono yake, akamwekea miguu mbele ya jiko. Kisha wakagombana kuhusu mchezo wa raga saa nzima!" Akacheka, na macho yakamlowa. "Roy alikufa Krismasi ileile. Mwezi wake wa mwisho alikuwa akimwiga yule mama kitandani, sauti ileile, mpaka muuguzi akaja kutishia kututoa nje. Hayo tu ndiyo nilitaka kumwambia."

Nesta alishika ukuta. "Alikuwaje, huyo mama?"

"Mkali! Pilipili kichaa. Lakini ukishaingia kwake huwezi kuondoka."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini mtu ameshakulilia, ameshakuvulia kofia. Unafufukaje mbele yake, ukiwa na mkate mfukoni? Bwana yule akafunga kamba za kiatu, akampa mkono, akamtakia safari njema, akaondoka kwa miguu yake mirefu.

Alikuwa amefika lango la pili Nesta alipopata sauti. "Bwana! Ewe bwana!" Upepo ukaipokea ile sauti na kuirudisha nyuma yake. Akavuka ukuta, akaanza kumfuata, nusu akikimbia, nusu akichechemea. Mara mbili aliiona kofia, mara ya tatu rasi ikaimeza. Alianguka kwenye matope, akainuka, akaendelea. Alifika Tregelyn saa kumi, na kituo cha basi kilikuwa kitupu.

Basi lilipokuja, dereva, Carys, alimtazama kuanzia kichwani hadi butini. "Bi Nesta! Umepigana na nani?"

"Umempakia mzee wa kofia ya kijani?"

"Saa tisa. Nimemteremsha stesheni. Kimya kama maji ya mtungini, masikini. Kwani vipi?"

"Akirudi, mwambie Nesta Pugh yu hai."

"Na nani kamwambia umekufa?"

"Mimi."

Carys alifungua kinywa kucheka, kisha akaona uso wake, akakifunga. "Jina lake nani?"

Nesta hakuwa amemwuliza. Alikaa kiti cha mbele, na maili zote saba alizozitembea zikapita dirishani kwa dakika ishirini.

Alhamisi, goti lilipotulia, alipanda tena na chupa mbili za chai na keki aliyoioka usiku wa kuamkia siku hiyo. Akakaa kwenye ile ngazi ya mbao mpaka saa nane. Walipita watu kumi na mmoja. Wanane walikuwa na haraka. Watatu walipokea chai, wakanywa wamesimama, na mmoja wao, kijana mwenye ndevu, akauliza kwa adabu yeye ni nani.

"Mimi ndiye Nesta," akasema. "Wa nyumba ya chini kule."

Kijana akatazama alikoonyeshwa, akainamisha kichwa kwa heshima, akarudisha kikombe. Hakuwa amewahi kulisikia jina hilo.