Tangi la Ndugu

Haya nilihadithiwa na Shekha binti Msellem wa Mambrui, mwezi wa Shaabani wa mwaka themanini na tano, tukipeta mchele wa harusi ya mjukuu wake. Mwisho wake aliuona kwa macho yake. Mwanzo aliupata kwa Kaltuma mwenyewe, ambaye hakuuficha wala hakuupunguza makali.

Kaltuma alizaliwa Mambrui akaolewa Kuruwitu. Mumewe, Athman, alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge, na msimamizi mmoja wa Kizungu alipofunga virago kurudi kwao alimwachia pikipiki yake kuukuu, ya Kiingereza, ya kabla ya uhuru. Ilikuwa na tangi kubwa jeusi lenye mistari ya dhahabu iliyoanza kubanduka, na likijaa lilimeza galoni tatu. Mshale wa kuonyesha mafuta haikuwa nao. Mwenye kutaka kujua afungue kifuniko achungulie, au aitikise asikilize. Chini ya tangi palikuwa na koki. Mafuta yakipungua, injini ikakohoa, unaigeuza koki upande wa akiba, ukapata maili za kukufikisha kwa watu. Ukishatia mafuta unairudisha mahali pake. Kaltuma aliyajua hayo kama anavyojua kuchuja tui, maana alikuwa akipanda nyuma ya mumewe tangu binti yao Rukia hajazaliwa.

Mamake Kaltuma, Bi Tumu, ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake pale Mambrui. Aliwaosha matajiri na maskini, wazee na watoto wachanga, na kazi hiyo alimfundisha Kaltuma: wapi pa kuanzia, vipi kumwaga maji yasimrukie maiti usoni, vipi kumfunika asitazamwe. Usia wake aliutoa mara nyingi, hata majirani wakaujua kwa moyo. Alikuwa akisema, "Nimeosha wa watu. Mimi nioshwe na wangu."

Basi siku ile, jua limeshapanda, karani wa shamba alikuja mbio na habari iliyoingia kwa simu ya afisini. Bi Tumu amefariki baada ya swala ya alfajiri. Watamngojea Kaltuma mpaka laasiri, na zaidi ya hapo shehe hakubali, maiti hacheleweshwi.

Kaltuma hakulia. Alimwacha Rukia kwa jirani, akavaa buibui lake, akachukua leso mbili mpya, akamwambia Athman aitoe pikipiki.

Pikipiki ilikuwa imerudi jana yake tu. Aliyekuwa ameiazima ni Badi, kakake Athman, mkubwa wake wa tumbo moja, mchuuzi wa samaki wakavu. Aliondoka nayo tangi limejaa mpaka shingoni, Athman alilijaza kwa mkono wake. Alisema anakwenda Takaungu, na Takaungu ni hapo. Akakaa nayo siku kadhaa. Alipoirudisha ilikuwa imefutwa vumbi, inang'aa, na yeye anatabasamu. "Nimekurudishia kama ulivyonipa," alisema.

Athman alipokea, hakufungua kifuniko. Kwao kitu kikirudi hakikaguliwi mbele ya aliyekirudisha, ukikikagua umemwita mwizi bila kutamka. Na akishaondoka je? Akishaondoka unaona haya ukiwa peke yako, kwa kuwa ni mkubwa wako na neno lake ni neno.

Wakatoka njia ya mchanga mpaka lami, wakafika Kilifi, wakangojea feri, wakavuka. Ng'ambo, pale penye pampu ya petroli, Kaltuma alimgusa bega mumewe akamuuliza kama hawatii mafuta. Athman akasema tangi limejaa. Kaltuma akamwambia achungulie basi, kuchungulia hakuna gharama. Athman akajibu kwamba kaka amesema imerudi kama alivyompa, na Takaungu haiwezi kumaliza hata robo ya tangi. Kaltuma akanyamaza. Naye alilelewa vivyo hivyo. Kunyamaza kule baadaye kulimchoma zaidi ya maneno yote aliyosema.

Walipokwisha kuipita Matsangoni na kuingia msituni, injini ilikohoa. Athman akapeleka mkono chini ya tangi kuigeuza koki, kama mtu anayejikuna, bila wasiwasi. Mkono ukabaki kule chini. Pikipiki ikaenda kwa mwendo wake wa mwisho, ikapunguza, ikasimama.

Kaltuma aliteremka akainama kutazama. Koki ilikuwa tayari upande wa akiba.

Hakuhitaji kuelezwa. Badi alikunywa tangi, likamkoholea njiani, akaigeuza koki akanywa na akiba, kisha akaiacha vile vile ilivyo na kwenda kutafuta kitambaa cha kufutia vumbi.

"Ulifungua alipokuletea?" Kaltuma aliuliza.

Athman akairudisha koki, akaigeuza tena.

"Nakuuliza, baba Rukia. Ulifungua?"

"Niliona haya," alisema Athman. "Ni kaka."

"Uliona haya," alisema Kaltuma. Alilirudia neno lile polepole, kama mtu anayetafuna kitu akapata kijiwe. "Basi mpande huyo haya akufikishe Mambrui."

Wakaisukuma. Mtu asiyewahi kusukuma pikipiki ya zamani kwenye lami ya saa saba hajui uzito wa chuma. Malori yaliyopita yalikuwa yanakwenda kusini. Basi moja la kwenda Malindi lilikuja nyuma yao limejaa mpaka mlangoni. Kaltuma alisimama katikati ya barabara na leso mkononi, utingo akapunga mkono kuonyesha hapana nafasi, dereva akamkwepa, likaondoka na vumbi lake. Kaltuma alisema na lile basi maneno ambayo Shekha hakutaka kunikariria, alicheka tu.

Mbele kidogo walimkuta mama mmoja wa Kigiriama, Mbeyu, amekaa kando ya magunia yake ya makaa akingojea wanunuzi. Aliwapa maji katika kata, akawatazama wanavyohema, akamwambia Athman, "Baba, mimi najua mnyama humbeba mtu. Huyu wako kawafanya nyinyi ndio punda."

Athman akajaribu kucheka. Kaltuma alimwambia Mbeyu kwamba punda angalau hana kaka. Kisha ikampanda. Ile hasira aliyoisukuma tangu msituni ikampanda mpaka kooni, akainua mkono akalipiga tangi kofi kwa nguvu zake zote, upande wa kulia, mahali aliposimama. Akapiga tena.

Akasita. Akalipiga upande wa kushoto. Kushoto kulilia kama debe tupu. Kulia kulikuwa na kitu ndani kinachocheza.

Tangi la pikipiki zile, kwa asiyelijua, limekaa juu ya mgongo wa chuma kama shogi juu ya punda, mfuko huku na mfuko huku, na katikati pameinuka. Koki iko kushoto peke yake. Mafuta yakishuka chini ya ule mwinuko, yaliyoko kulia hayana njia ya kuvuka. Athman aliyajua haya kuliko yeyote, ni fundi, lakini tangu mkono wake ulipoigusa koki akili yake ilikuwa imebaki Kuruwitu, mbele ya kakake.

"Ilaze," Kaltuma alimwambia. "Ilaze ubavu wa kushoto, hayo yavuke."

Wakaishika watatu, Mbeyu akiwa upande wa gurudumu la nyuma anakazana na kusema kwamba katika maisha yake amelaza mbuzi na amelaza watoto, hii ya kulaza pikipiki ni mpya. Wakaiinamisha mpaka mkono wa usukani ukagusa lami, wakasikia mafuta yakimiminika ndani kama mtu anayekunywa. Wakaiinua. Athman akapiga kiki, haikushika. Akapiga tena, ikawaka. Kaltuma alipanda bila kumtazama, na viganja vyake vilikuwa vimelowa petroli iliyochuruzika kifunikoni.

Yale mafuta hayakuwafikisha Gede. Yaliwafikisha karibu, wakasukuma tena. Pale Gede alikuwako mtu mwenye duka aliyeuza petroli kwa chupa, na duka lilikuwa na kufuli, mwenyewe kaenda shambani kwake. Athman alikimbia kumfuata. Kaltuma alikaa kwenye kizingiti cha duka la watu akahesabu maneno ambayo angemwambia mumewe, na kila alipoyapanga yalikuwa machache mno. Alikuwa amekaa vile vile alipomsikia muadhini wa Gede anaadhini laasiri.

Alisimama, akakaa tena. Hapakuwa na la kufanya kwa kusimama.

Walipoingia Mambrui jua lilikuwa limelegea na wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Wamekunja kanzu, wana udongo miguuni. Mbele yao, anazungumza na shehe kwa sauti ya kufariji, alikuwa Badi.

Alipomwona shemejiye alinyoosha mikono. Akampa pole. Akamwambia kwamba alisikia habari mara tu walipoondoka, akakimbilia barabarani akabahatika kupata basi, na alhamdulillahi amediriki, ametia mchanga kaburini kwa mkono wake. Kisha akaongeza, na hili hakuna aliyemuuliza: "Niliwaona kule msituni. Nikasema, hao wamepumzika kidogo."

Shekha aliniambia kwamba hapo wanawake walianza kutoka mlangoni kutazama.

Kaltuma hakupaza sauti. Alimgeukia mumewe. "Baba Rukia, fungua tangi."

"Mama Rukia, hapa ni kwenye msiba."

"Msiba ni wangu. Fungua mbele yake. Kama ulivyotakiwa ufungue jana."

Athman alimtazama kakake, akamtazama mkewe. Mkono wake ulikwenda kwenye kifuniko ukasita juu yake, na Shekha anasema aliona shingo yake ikitoka jasho kama ya mtu aliyebeba gunia. Akakizungusha. Akakifungua, akakishika mkononi, na tangi likabaki wazi mbele ya shehe, na wanaume, na wanawake waliokwisha kutoka mlangoni.

"Njoo uchungulie, shemeji," Kaltuma alisema. "Humo mna chupa moja tuliyonunua Gede, na hiyo si yako. Yale ya Kuruwitu uliyamaliza wewe. Ulikwenda wapi?"

Badi alisema huu si wakati wake. Kaltuma akamwambia, mamake alikuwa na wakati wake, ulikuwa ni kabla ya laasiri. Badi akawatazama wanaume kutafuta wa kumtetea, na wanaume wakatazama udongo wa miguuni mwao. Mwishowe alisema alifika Mombasa. Mara mbili. Alikuwa na samaki wa kuuza, na alikusudia kuwaambia, ila asingejua kama mauti yangekuja.

"Sahani ya jirani hairudi tupu," alisema Kaltuma. "Ukiletewa uji, unarudisha sahani na hata kama ni chumvi unaitia. Mamako alikufundisha hivyo na mamangu alinifundisha hivyo. Wewe umerudisha tangi la ndugu yako tupu, ukaigeuza na koki, ukalifuta vumbi lipendeze. Nimemkosa mamangu kwa sababu ya kitambaa chako cha vumbi."

Badi alifungua kinywa. Athman ndiye aliyemkatiza, na Athman hakuwahi kumkatiza kakake tangu azaliwe.

"Usiseme neno, kaka," alisema. "Nenda ukakae na watu. Na pikipiki hii usiiguse tena."

Badi akaenda. Hakukaa na watu, alipita njia ya msikitini na kofia yake mkononi, na basi la jioni likamchukua.

Kama mtu anadhani hapo Kaltuma alipoa, hakupoa. Aliingia ndani, Shekha akampokea, maana ni Shekha aliyemwosha Bi Tumu baada ya shehe kusema basi. Shekha alimsimulia yote kwa utaratibu: maji yalikuwa vuguvugu, hakuyaacha yamrukie usoni, nywele alizisuka misuko mitatu, kafuri ilitosha. Alimwambia kila alipomwaga kata alisema, hii ni ya Kaltuma. Kaltuma alisikiliza akiwa ameuma meno. Hakumshukuru. Alikuja kumshukuru siku ya arubaini, kwa kanga pea mbili na kilio cha kweli, lakini siku ile hakuwa na pa kuitoa shukrani.

Athman alikuja mlangoni kuuliza kama amletee chochote. Kaltuma alimwambia hapana. Athman akasema ile haya aliyokuwa nayo aliifungua pamoja na kifuniko, na kama angeweza angeifungua jana. Kaltuma akamwambia amesikia, aende akalale. Neno hilo halikuwa msamaha, na Athman alikuwa na akili ya kutoliita msamaha. Alitandika mkeka barazani akajilaza.

Wanawake walilala mmoja mmoja, wamebanana sakafuni, na Shekha akiwa karibu na mlango. Kaltuma alilala kwenye kitanda cha mamake. Alikuwa amenawa mara nyingi, kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Alipoleta viganja usoni vilinuka petroli, mikono ile iliyotakiwa usiku ule inuke kafuri na marashi. Akaiondoa usoni akaiweka mbali naye, huku na huku, viganja vimetazama juu. Akaiacha hivyo mpaka usingizi ukamchukua.