Jibu la Swali la Tano
…vitatu, nasema, na Daktari Jagoda anaitikia kwa kichwa, kumbe nimebahatisha tu, vidole vyake vilikuwa vinacheza machoni kama samaki, mikono inanuka karafuu, ni daktari wa meno huyu jamani, lakini shirikisho la kimataifa la raga hii ya wachezaji kumi na watatu limekataza mechi bila daktari, na mjini kwetu aliyekubali kuja bure Jumapili ni yeye peke yake, "Vukan, nitazame mimi, tuko uwanja gani?" Zrenjanin, hilo rahisi, maswali yao yote matano ya kumpima aliyegongwa kichwa tuliyakariri garini tukila burek, mikate ya nyama, mwenzetu Tiosav akiuliza, sisi tukiitikia kama kwaya, tuko kumi na watatu kamili, wa akiba hatuna, wamekimbilia vibarua Ujerumani, "Kipindi gani?" na Tiosav nyuma ya mgongo wa Daktari anainua vidole viwili, cha pili, nasema, lile bega la mpinzani lilinipata juu ya sikio, sikusikia maumivu, nilisikia kimya, kisha mwenzangu mmoja, "Inuka, kaka, umelala kama bibi harusi!" … kule jukwaani mjumbe wa shirikisho amejikunyata ndani ya koti la mvua, hao ndio waliotuletea mipira na yule mwalimu Mwingereza aliyetufundisha kukaba ndani ya ukumbi wa shule, tukaupenda mchezo, Mungu wangu, tulivyoupenda, na sasa wanataka kuona klabu zinazomaliza mechi na timu kamili, zikipungua nchi inashushwa daraja la uanachama, kufuzu Kombe la Dunia tusahau, na jezi ya taifa niliyoahidiwa ndiyo basi tena, "Mwache acheze, Daktari," kocha anafoka, "huyo kichwa chake kigumu tangu azaliwe!" wanacheka, nami nacheka, meno yananiuma, "Nani kafunga mara ya mwisho?" Tiosav anajigonga kifua, Tiosav, nasema, "Na wiki iliyopita mlicheza na nani?" na Pančevo, hilo nalijua mwenyewe, naona hata matope yao … "Baba! Baba!" nani huyo, ni mtoto pale uzioni, koti la njano, wangu huyo, nywele hizo nimezisuka mimi asubuhi, akaninunia, ati nimemfunga mkia wa punda, alizaliwa theluji ikiwa magotini, maharagwe hataki kuyaona, anaitwa … anaitwa … jina nililichagua mwenyewe, nikagombana na mama yangu kwa ajili yake, ngoja, nitalipata, jina la mwalimu Mwingereza ninalo, majina ya wote kumi na watatu ninayo, na la huyu ninapolifikia ni peupe, hamna kitu, naogopa, sijawahi kuogopa hivi uwanjani wala popote, "Vukan? La mwisho. Mlishinda?" Tiosav anaitikia kwa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, sema ndiyo, kocha ameshika shavu, wote wananitazama mdomoni, na yule mtoto ameng'ang'ania waya, ananipungia, nami nampungia, "Daktari," nasema polepole, asije akasikia, "yule binti yangu anaitwa nani?"