Wapangaji wa Tumbo la Kwanza

Siku Madamu alipoacha kucheua, wa kwanza kugundua alikuwa Kimya, kwa sababu Kimya ndiye aliyekuwa akimtazama. Kila akimaliza kukamua alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kidevu mkononi, akatazama donge la majani likipanda shingoni mwa ng'ombe wake, likitafunwa taratibu, kisha likishuka tena. Asubuhi hiyo donge halikupanda. Madamu alisimama tu, masikio yamelegea, anaukodolea macho ukuta kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Huyo anaaga," ilisema sauti juu ya ukuta.

Alikuwa shemeji, mume wa mdogo wake Kimya, mwenye bucha jirani. Kwa miaka mingi alikuwa akimla Madamu kwa macho.

"Shemeji yangu, nisikilize. Akianguka mwenyewe hana faida kwa mtu. Nipe jioni hii, angali amesimama."

"Tangu akiwa ndama mpaka leo hujamtakia afya hata siku moja."

"Afya yake naitaka sana! Nani anauza nyama ya mgonjwa?"

Kimya hakucheka. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa cha kurithi au cha kuazima. Madamu peke yake ndiye aliyekuwa wake. Alimlea kwa chupa tangu undama, baada ya ng'ombe aliyemzaa kufa.

"Akicheua kabla ya jioni, hutamgusa," alisema.

"Na asipocheua?"

Kimya aliangalia chini. "Basi uje."

Shemeji akaenda kunoa visu, polepole na kwa adabu, lakini pale pale nyuma ya ukuta.

Daktari wa mifugo alifika na buti zake za mpira. Alimgonga Madamu ubavu wa kushoto, akasikiliza, akamnusa mdomo. Akamnusa tena.

"Mbona huyu ng'ombe ananuka viazi vya kukaanga?"

Mlangoni mwa banda mtu alikohoa. Alikuwa kaka yake Kimya, ambaye kila mtu alimwita Geti. Alisimama kwenye geti la kiwanda ujana wake wote, na alipostaafu akaja kuishi kwa dada yake. Lakini geti halikumtoka. Mtu hakuweza kwenda chooni nyumbani mule bila kuulizwa anakwenda kumwona nani.

"Kulikuwa na mzigo wa mashaka," alisema Geti. "Niliukamata."

Mzigo wenyewe ulikuwa mfuko wa mafuta ya kulishia ng'ombe, chembe ngumu nyeupe, ambazo Kimya alizinunua duka la vyakula vya mifugo baada ya watu wa kituo cha maziwa kulalamika kwamba maziwa ya Madamu ni mepesi.

"Nilizifikicha, haziyeyuki. Nikazianika juani, haziyeyuki. Nikasema, haya si mafuta, haya yamejibadilisha sura. Nikayafungia kwenye sanduku. Ili ng'ombe asikose haki yake, nikaenda kwa muuza viazi akanipa mafuta aliyokwisha kukaangia. Nikamwagia kwenye pumba."

"Kiasi gani, kaka?"

"Ndoo. Mimi si mtu wa kumpunja mnyama."

Daktari alijipangusa uso kwa kiwiko. "Mzee, tumbo la kwanza la ng'ombe lina vijidudu visivyoonekana. Hivyo ndivyo vinavyomvunjia majani, yeye mwenyewe hawezi. Mafuta mepesi yakiingia mengi yanayafunika majani na kuviua vile vijidudu. Zile chembe zimefungwa na chokaa makusudi, ili zipite pale bila kuyeyuka. Zinafunguka mbele, kwenye tumbo la nne lenye asidi kali, ndipo utumbo unayanyonya mafuta yake."

Geti alikaa chini. "Kwa hiyo kuna wakazi mle ndani."

"Ukipenda."

"Wangapi?"

"Wengi kuliko watu wote unaowajua na usiowajua."

"Na mimi nimewamwagia mafuta ya viazi." Akavua kofia. "Hata hawakunikosea."

"Dawa yake ni kuwaleta wengine," alisema daktari. "Nahitaji maji ya tumbo la kwanza la ng'ombe mzima, sasa hivi, yangali ya moto. Yakipoa, wamekufa hao nao."

Wote watatu waligeuka kuutazama ukuta. Ng'ambo yake kisu kikanyamaza.

"Msinitazame hivyo," alisema shemeji, akichungulia.

"Shemeji," alisema Kimya, "leo umechinja."

"Nimechinja, ndiyo. Lakini fikiria unachoniomba! Mimi ndiye nimponyeshe?"

Kimya hakumbembeleza. Alimtazama tu, vile alivyokuwa akimtazama ng'ombe, bila haraka, mpaka shemeji akajikuna shingo, akaapa kwamba ukoo huu utamfilisi, akaenda. Alirudi na ndoo iliyofunikwa gunia, inafuka mvuke, inanuka mpaka machozi.

Mlangoni mwa banda alimkuta Geti. Alikuwa ameshavaa sare yake ya zamani, filimbi kifuani.

"Simama hapo. Hawa wanatoka wapi?"

"Tumboni, wewe! Pisha!"

"Wanakwenda kumwona nani? Wana muda gani wa kukaa? Humu juzi tu watu wamekufa kwa sababu mlinzi alipitisha asichokijua. Mlinzi mwenyewe ni mimi. Sirudii."

"Kaka, watapoa!"

"Wapoe kwa utaratibu."

Daktari alitaka kumsukuma. Geti akapanua miguu. Shemeji, na ndoo yake mkononi, akaanza kutabasamu, maana kila dakika iliyopita ilimsogezea nyama. Mvuke ulikuwa unapungua, na Kimya aliuona ukipungua. Alikwenda akashika mkono wa ndoo, akasimama mbele ya kaka yake kama mwenye nyumba arudiye kwake.

"Kaka. Hawa wako na mimi."

Geti akakaza shingo. Kiwandani palikuwa na sheria moja isiyovunjwa: aliyeandamana na mwenye mali hapekuliwi.

"Wote?"

"Wote."

Akapiga saluti. Ndoo ikapita.

Daktari alimshusha Madamu mpira kooni, wakamimina mpaka tone la mwisho. Kisha wakamwekea majani makavu na kungoja. Kimya alikaa juu ya ndoo yake. Jua lilihamia ukuta mwingine. Shemeji alileta kamba, akaiweka kando bila kusema. Mara shingo ya Madamu ikatikisika kidogo, chini kabisa. Kitu kikapanda. Kilipanda, kikafika, na taya likaanza kwenda kushoto na kulia.

Kimya alifunika mdomo kwa khanga. Shemeji alitazama sana, kwa huzuni. Taya lake nalo likaanza kwenda kushoto na kulia, bila yeye kujua. Kisha akaokota kamba yake akarudi bucha.

Wiki iliyofuata, Madamu aliporudia kula kama zamani, Geti alifungua sanduku akatoa mfuko wa chembe. Kimya akachota konzi moja tu, akachanganya na pumba. Kaka yake aliinama juu ya hori, akazikagua moja moja mpaka macho yakamuuma.

"Zipite hivi hivi, zimefungwa?"

"Zipite, kaka. Zitafunguliwa mbele."

"Na nani?"

"Kuna zamu nyingine huko."

Geti alifikiri, kisha uso wake ukapoa kwa mara ya kwanza tangu astaafu.

"Kumbe," alisema, akajiondoa kwenye hori.