Mstari wa Mwaka Jana

Mjini Mbinga ilijulikana kwamba tovuti ikigoma, unakwenda kwa Ottilia. Mwaka uliopita, vyuo binafsi vilipoanza kupokea wanafunzi kwa mtandao tu, kafe zote za intaneti zilikwama, ya kwake ikapita. Tangu siku hiyo nani angemwambia kitu? Sifa zake ziliteremka mpaka ziwani.

Ndivyo Lidia na mama yake, Margareta, walivyofika asubuhi ile kutoka Liuli, ufukweni mwa ziwa, vumbi la njiani bado limewaganda miguuni. Lidia alikuwa ameomba uuguzi miaka mitatu mfululizo, na safari hii alichaguliwa. Ilibaki kuthibitisha kwenye tovuti ya chuo kabla ya saa kumi jioni. Asipothibitisha, nafasi anapewa mwingine.

"Shikamoo, mama," Ottilia aliwapokea.

"Marahaba, mwanangu. Tumeambiwa hapa ndipo panapopita."

"Panapita. Kaeni mnywe chai kwanza."

Haikupita. Lidia alipoandika jina la chuo, ukurasa ulizunguka weee, kisha ukaleta ujumbe kwamba anwani inaelekezwa upya bila kikomo. Ottilia akafuta kumbukumbu za kivinjari, akabadilisha modemu, akahamia mashine ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Yale yale.

Saa saba akapiga simu chuoni. "Mbona wengine wanaingia, dada?" karani akamjibu. "Jaribu mahali pengine."

Maneno hayo yalimchoma. Mahali pengine palikuwa ng'ambo ya barabara, kwa Cleopa, aliyejifunzia kazi kwake kisha mwaka huu akaenda kufungua kafe yake. Margareta naye akauliza kwa upole kama wangejaribu kule.

"Mama, kule watawapotezea muda bure. Mimi nikishindwa, Cleopa ataweza?"

Margareta akarudisha kikombe mezani. Walishakunywa chai ya Ottilia, na kunyanyuka kwenda kwa jirani kungekuwa kumtukana mwenyeji. Lidia alimtazama mama yake, akatazama saa ya ukutani, naye akabaki kwenye benchi.

Saa kumi ikapita. Ndipo Ottilia alipovuka barabara, kwenda kuhakikisha tu kwamba na kule kumekwama. Cleopa akaandika jina la chuo mbele yake. Ukurasa ukafunguka papo hapo: Muda wa kuthibitisha umekwisha.

"Unafunguka tangu asubuhi," Cleopa alisema. "Dada, ule mstari wa mwaka jana uliufuta?"

Ottilia hakuwa ameufuta. Chuo kilikuwa na vituo viwili vya kompyuta, Dar es Salaam na Dodoma. Ukiandika jina lake, orodha ya majina ya mtandao ndiyo inayochagua upelekwe wapi. Mwaka jana cha Dar es Salaam kilielemewa, naye kwa ujanja wake akaandika mstari mmoja ndani ya mashine zote sita, zisiulize orodha, ziende Dodoma moja kwa moja. Ndiyo siri ya sifa zake. Sasa chuo kilikuwa kimehama Dodoma na kubaki Dar es Salaam tu. Mashine iliyobaki kule ilijua jambo moja tu, kumrudisha mgeni kwenye jina la chuo. Na jina hilo, kwa Ottilia, lilimrudisha Dodoma. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huu aliuchomeka mwenyewe.

Alirudi akawakuta wameshafunga mzigo wao. Margareta alimnyooshea kifurushi cha usipa, dagaa mkavu wa ziwani. "Pokea, mwanangu. Umehangaika nasi kutwa nzima."

"Mama, sistahili. Kosa ni langu. Kule kunafunguka."

"Aa, mashine ni mashine."

Lidia hakusema hivyo. Alikuwa akitazama nje, kule kwenye kibao cha Cleopa.

"Kwa hiyo tungevuka barabara tu?" aliuliza.

"Mngevuka tu," Ottilia alijibu.

Margareta akamwekea usipa mezani, jirani na vikombe vya chai, kisha akamshika binti yake mkono wakaenda stendi.